Tafadhali Mnijibu kwa Maandishi

Sentensi niliyoiandika mara nyingi kuliko zote maishani si yangu. Inasema hivi: ninabisha deni hili na naomba mnithibitishie kwa maandishi. Nimeiandika kwa Kiingereza labda mara arobaini, kila mara nikiigeuza kidogo ili isionekane imenakiliwa, kwa mteja wa Marekani anayenilipa kwa idadi ya maneno. Yeye anawauzia ushauri Wamarekani wenye madeni. Mimi niko Kikopey, moshi wa mbuzi unaingia dirishani, nawaeleza watu wa Ohio na Texas jinsi ya kumjibu mtu anayewadai.

Kama hujawahi kupita Kikopey, basi hujawahi kusafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru, au ulipita umelala. Ni baada ya Gilgil, kabla hujafika Elementaita, pale matatu na malori na magari ya wakubwa yanapotoka barabarani ghafla. Unachagua mguu ukiwa umening'inia, unapimiwa, unangoja. Ugali unakuja, kachumbari inakuja. Watu wanadhani sisi wote wa hapa tunauza nyama, lakini kuna walio nyuma ya nyama. Kuna anayeleta kuni, anayekata vitunguu, anayesonga ugali wa watu arobaini Jumapili moja. Mama yangu ni huyo wa ugali na kachumbari. Amefanya hivyo tangu nikiwa darasa la tatu, na ndiye aliyenipeleka chuo kikuu mpaka karo ikashinda mikono yake, nikatoka mwaka wa tatu. Hiyo ni stori nyingine.

Nilichojifunza kwa kuwaandikia Wamarekani ni kwamba kwao deni ni jambo la posta. Wana sheria ya mwaka 1977 inayomtawala mkusanyaji madeni. Akikutumia notisi, una siku 30 za kumwandikia kwamba unabisha, na ukishaandika, lazima anyamaze mpaka akuletee uthibitisho. Wana nyingine ya 1970 inayosimamia zile ofisi zinazotunza rekodi za wakopaji: Equifax, Experian na TransUnion. Ushauri wa mteja wangu ni uleule kila mara. Usiongee nao kwa simu. Andika. Tuma barua ya rejista, ile yenye kikadi cha kijani kinachokurudia kikiwa na sahihi ya aliyeipokea. Weka nakala ya kila kitu. Na kubwa kuliko yote, usikiri chochote. Usiseme "deni langu". Sema "deni linalodaiwa".

Nilikuwa naona ni mchezo wa watu wenye masanduku ya barua mlangoni. Huku kwetu deni ni jambo la simu. Linaingia kwa simu, unalipa kwa simu, unatukanwa kwa simu.

Sasa, Mama. Mapema Machi 2021 alikopa shilingi 8,000 kwa simu, kutoka benki moja ambayo sitaitaja. Pasaka ilikuwa Aprili 4, na Pasaka hapa ndiyo msimu, kila mtu anayejua kusoma kalenda Kikopey hukopa kabla yake. Alinunua unga, vitunguu, nyanya, mafuta. Tarehe 26 Machi Rais Uhuru Kenyatta akafunga kaunti tano, Nairobi, Kajiado, Kiambu, Machakos na Nakuru yetu. Baa zikafungwa, mikahawa ikaambiwa chakula ni cha kubeba tu. Nani anabeba nyama choma ya Kikopey mpaka nyumbani? Nyama choma ni kukaa. Nyanya zilioza kwenye kreti, Mama akapika supu ya nyanya wiki mbili, mpaka leo sipendi.

Barabara ilifunguliwa Mei mosi. Juni alilipa kwa awamu mbili, 4,000 kisha 5,100, pamoja na riba na adhabu ya kuchelewa. Nakumbuka ile ya pili kwa sababu alinipa simu nimsomee meseji ya M-Pesa, akasema, "Haya, dawa ya deni ni kulipa," akalala mchana, kitu asichofanyanga.

Novemba 2022 alipata meseji ya ajabu kutoka kwa benki hiyo, kwamba akilipa nusu ya deni lake, nusu nyingine itasamehewa. Alidhani ni wakora wa Kamiti, akaifuta. Haikuwa wakora. Benki Kuu ilikuwa imetangaza mpango wa kuwarekebishia rekodi wakopaji wa simu, punguzo la angalau asilimia 50, kwa watu zaidi ya milioni nne ambao mikopo yao midogo ilikuwa imelala. Jumla yake ilikuwa kama shilingi bilioni 30. Ni mpango mzuri kwa anayedaiwa. Kwa aliyelipa, ile meseji ilikuwa na maana moja tu, kwamba mahali fulani kwenye kompyuta fulani bado alikuwa hajalipa. Hakuna aliyeielewa hivyo wakati huo.

Simu zilianza Januari 2024. Kijana mwenye sauti nzuri, kama ya redio, kutoka kampuni ya kukusanya madeni huko Nairobi. Deni sasa lilikuwa 21,640.

"Kijana wangu, mimi nililipa," Mama akamwambia.

"Sistimu haionyeshi, mathe."

Hilo "mathe" lilimuuma kuliko zile elfu ishirini. Alimwambia ana watoto wa umri wake. Akaambiwa kama ana watoto basi watamlipia. Kisha wakaanza kupigia wengine. Walimpigia mwenyekiti wa kina mama kanisani. Walimpigia mwalimu wangu wa zamani wa msingi, mzee amestaafu, akaulizwa kama anamjua mdeni fulani na akamwambie kesho dalali anakuja kubeba vyombo. Mwalimu alipiga simu nyumbani kwa upole mwingi, akiuliza kama tuna shida. Huo upole ndio uliomfanya Mama alie.

Niseme hapa kitu ambacho kingemsaidia siku ile kama angekijua. Dalali halali ana leseni, chini ya sheria ya 1996, na haji kubeba sufuria kwa mkopo wa simu usio na dhamana bila kwanza mtu kwenda mahakamani na kushinda. Yule wa simu hana hukumu. Ana namba yako tu. Na kuhusu kupigia watu wa pembeni, Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu zilizopatikana kwa wengine na kuwatumia vitisho. Kwa hiyo si eti ni tabia mbaya tu. Ina bei.

Lakini Mama hakutaka kesi. Alitaka kibanda. Mwenye jiko analofanyia kazi alikuwa anahamia Nakuru mjini, na kwa sababu ya miaka yote waliyofanya kazi pamoja alimpa nafasi ya kwanza: shilingi 120,000, jiko, meza, friza na jina, mpaka mwisho wa Aprili. Akaenda kwenye sacco yake. Ana akiba, ana wadhamini wawili. Karani akaingiza namba ya kitambulisho, akageuza skrini kidogo ili wengine wasione, akamwambia polepole, "Mama, uko CRB."

Hapo ndipo nilipofunga kazi ya mteja wangu siku tatu, nikaamua nitaandika zile barua kwa mara ya kwanza kwa mtu ninayemjua.

Kwanza tuliomba ripoti. Watu wengi hawajui kwamba una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila ofisi, na hapa Kenya ziko tatu zenye leseni: Metropol, Creditinfo na TransUnion. Ndiyo, TransUnion ileile ya Wamarekani wangu. Nilicheka peke yangu nilipoona jina. Cyber moja ya Gilgil ilikuwa imetundika karatasi, "Tunaosha jina CRB, 1,500". Nilimuuliza kijana wa pale anaosha vipi. Akasema ana mtu wake ndani. Hakuna mtu ndani, bana. CRB ni daftari, na anayeshika kalamu ni aliyekukopesha. Ofisi haiwezi kuamka asubuhi ikufute kwa sababu mtu wa cyber ameomba. Inaiuliza benki, na benki ikisema bado, ni bado.

Ripoti ilionyesha akaunti moja tu yenye doa: 8,000, Machi 2021, haijalipwa. Malipo yote mawili hayakuwepo. Baadaye tulikuja kujua kwamba Juni ile benki ilikuwa tayari imelihamisha deni kwa wakusanyaji, na pesa ziliingia kwa ile namba ya zamani ya kulipia na kukaa huko, kama barua iliyopelekwa nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Ushahidi ulikuwa M-Pesa. Unabonyeza *334#, unaomba stetimenti, unachagua muda, inakuja kwa baruapepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Kurasa kumi na nne za maisha ya Mama mwaka 2021. Nilitafuta Juni nikapita kila kitu: mia mbili kwa shosho, hamsini ya umeme, elfu moja kwangu, elfu moja kwangu, mia tano kwangu. Sikujua zilikuwa nyingi hivyo. Kisha hizo mbili, 4,000 na 5,100, na namba zake za risiti.

Niliandika barua tatu: kwa benki, kwa wakusanyaji, na kwa ofisi ya CRB iliyokuwa na lile doa. Kwa benki niliomba vitu vinne, mkataba wa mkopo, hesabu yote ya deni tangu siku ya kwanza, uthibitisho kwamba walimpa Mama notisi siku 30 kabla ya kumripoti kama kanuni zinavyotaka, na marekebisho ya rekodi. Nilitaja kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kinachompa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa za uongo kumhusu. Na nikataja kingine nilichokipenda sana nilipokipata, 44A cha Sheria ya Benki, kinachofanya kazi tangu Mei 2007. Kinasema mkopo ukishalala, riba ambayo benki inaweza kukudai haiwezi kupita kiasi cha deni lenyewe lililobaki siku ulipolala. Yaani hata kama Mama hangelipa ndururu, elfu nane ingezaa elfu nane nyingine na kukoma hapo. Wakitaka cha juu yake, waonyeshe gharama za kulifuatilia, moja baada ya nyingine. Hiyo 21,640 ilitoka wapi?

Jioni nikamsomea. Barua zilikuwa kwa Kiingereza, kwa sababu nilijua zingesomwa na mtu wa Kiingereza, lakini ni yeye anayetia sahihi, kwa hiyo nikawa namgeuzia kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye ile sentensi yangu ya mara arobaini nikasema, "Ninakana deni hili linalodaiwa."

"Rudia."

Nikarudia.

"Ondoa hiyo nakana. Nikikana ni kama sikukopa. Mimi nilikopa."

Nikamweleza vile nimekuwa nikiwaeleza Wamarekani. Kwamba hawa watu wanatafuta neno moja tu la kukiri. Kwamba hata hapa Kenya deni la mkataba lina miaka sita ya kupelekwa kortini, na ukilikubali kwa maandishi hesabu inaanza upya. Kwamba huo si uongo, ni lugha ya sheria. Nilikuwa na hoja nzuri na nilizitoa zote.

Alinisikiliza akichambua mchele. "Walinipa pesa nikiwa nazitaka," akasema. "Hiyo ilikuwa wema. Andika nilikopa, nikachelewa, nikalipa. Kisha uwaulize waliweka wapi."

Mama hajui sheria ya muda wa kesi, lakini alikuwa sahihi kuhusu barua. Kwa mtu aliyelipa, kukiri hakuna hatari, na kukana kunaficha kitu pekee chenye nguvu alichonacho, ambacho ni risiti. Niliiandika upya. Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Mstari wake wa kwanza ulikuwa: Nilikopa shilingi 8,000 kwenu mwezi Machi 2021 na nililipa shilingi 9,100 mwezi Juni 2021, risiti hizi hapa. Wakili angeipenda kidogo. Mimi nilijua tu kwamba sasa inasikika kama mtu fulani anayeishi mahali fulani. Zile zangu za dola zinasikika kama hakuna mtu.

Tulituma kwa baruapepe, kisha tukapanda matatu hadi Posta ya Gilgil tukatuma kwa rejista pia. Mama alivaa nguo za kanisa. Karani wa posta alizigonga muhuri zote tatu, akatupa stakabadhi, Mama akazikunja na kuziweka kwenye Biblia, karibu na cheti changu cha kuzaliwa na barua ya chuo.

Barua ya wakusanyaji iliisha hivi: tafadhali mnijibu kwa maandishi, na msimpigie mtu mwingine yeyote kuhusu jambo hili. Chini niliweka namba yangu ili simu zije kwangu. Siku ya nne ikalia. Sauti ya redio.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana. Ni mtoto wake."

Kimya. "Uliandika poa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikujua la kusema. Nikamuuliza kama amesoma stetimenti. Akasema yeye hasomi, yeye amepewa orodha tu: jina, namba, kiasi. Hajui mkopo ni wa lini. Hajui kama kuna risiti. Analipwa kwa kile kinachoingia, na mwisho wa mwezi asiyefikisha lengo anaondoka. Nikamuuliza walipata wapi namba ya mwalimu. Akasema hiyo hakuipiga yeye. Labda ni kweli. Halafu akaniuliza, hivi hii kazi ya kuandika mtu anaingiaje, inalipa?

Nikamwambia anijibu kwa maandishi. Akacheka, akakata. Barua yao haijafika mpaka leo, lakini hawajapiga tena kwa mtu yeyote tunayemjua.

Sijui nimfanyeje huyo kijana kichwani mwangu. Alimwita mama yangu mathe na kumtisha kwa dalali asiyekuwepo, hilo halijaisha. Ila pia nina deni langu la HELB, hilo silibishi, nalipa kidogo kidogo mteja akilipa, na nilipokosa miezi miwili mfululizo mwaka juzi kuna tangazo la kazi nililoangalia kwa muda mrefu. Walikuwa wanataka watu wa kupiga simu. Sifa: sauti nzuri, na uwezo wa kustahimili shinikizo. Diploma si lazima.

Benki ilijibu wiki ya tatu. Aya mbili. Malipo yameonekana, akaunti imefungwa, tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Hilo neno "wowote" nimelitafsiri mara nyingi kwa pesa, najua uzito wake. Wiki mbili baadaye ofisi ya CRB ikabadilisha rekodi. Lakini hakikufutwa kitu. Pale palipoandikwa haijalipwa sasa pameandikwa imelipwa, baada ya kuchelewa, na hilo litakaa miaka mitano tangu siku ya kulipa. Mpaka Juni 2026 kila atakayeingiza kitambulisho cha Mama ataona kwamba mwaka wa korona alichelewa. Mama hana neno na hilo. "Si nilichelewa?"

Sacco haikungoja CRB, ilikubali barua ya benki. Lakini kwa ile historia walimpa 80,000 badala ya 120,000. Mwanamke wanayepika naye, mama wa watoto wanne, akaongeza 40,000 kutoka kwa chama. Kwa hiyo sasa jiko ni la wawili, na wanagombana kuhusu chumvi kama watu waliooana. Friza ilikufa wiki ya pili. Ndivyo ilivyo.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Sijui nani alisema, ila Mama hajui kunyamaza akiwa na furaha. Watu wakaanza kuja na simu zao. Mwenye bucha. Dada wa M-Pesa. Wanasimama mlangoni wakati naandika, wanauliza, "Eti wewe ndiye unaandikanga zile barua?" Wengi wao wanadaiwa kweli, na barua haiwezi kulipa deni, nawaambia hivyo kabla hawajakaa. Wanakaa hata hivyo.

Juzi alikuja mtu wa boda, kijana tuliyesoma naye msingi. Pikipiki alichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, akavunjika mguu, miezi miwili hajabeba mtu. Hakuna kosa kwenye hesabu yake, tumeipitia mara mbili. Anachotaka ni wasiichukue, wampe nafasi alipe nusu kwa siku mpaka mguu upone. Nikamwambia basi tutaomba hivyo, kwa maandishi, tuwaambie kiasi gani na kuanzia lini, na asiweke kiasi ambacho hawezi. Akauliza tunaanza vipi, tunaanza na zile sheria?

Nikamwambia aanze na jina, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Akatoa kitambulisho mfukoni, akaanza kunisomea herufi moja moja.